Anza na kimpira, simu baadaye

Kutoka Mpanda hadi Kaliua ni kilometa 210 za reli, ile iliyoletwa huku kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi, na treni yake haina haraka. Humo behewani ndimo abiria wengi hulalamika kwamba hedifoni zao hazina besi. Kabla hujazitupa, kagua vimpira vinavyoingia sikioni.

Kimpira kisipoziba sikio, sauti nzito huvuja na inayobaki huwa nyembamba, kama redio yenye betri zilizochoka. Hedifoni nyingi huuzwa na saizi tatu za vimpira. Ya kati huja imeshavalishwa, na mbili zilizobaki wengi wetu huziacha kwenye kifuko hadi zipotee. Zijaribu zote. Masikio hayalingani: langu la kushoto linavaa kikubwa, la kulia cha kati. Unapochomeka, pitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa, vuta sikio juu kidogo, sukuma, achia. Ukisema neno ukasikia sauti yako imekuwa nzito kichwani, umeziba vizuri.

Vipo pia vya sponji, ambavyo unavifinya kwanza kisha vinavimba ndani ya sikio. Hupunguza ukali wa sauti na kelele za magurudumu, ila hunasa jasho na vumbi, na kiangazi cha huku Katavi unakijua.

Kama herufi “s” za mwimbaji zinachoma, chukua plasta ya karatasi ya duka la dawa, funika robo ya mdomo wa sauti chini ya kimpira, sawasawa pande zote mbili. Haitoshi? Nusu. Usiguse kale katundu kadogo ubavuni mwa hedifoni. Ukikaziba, besi hubadilika.

Sasa fungua ekwalaiza ya simu. Kosa la kawaida ni kupandisha kila kitu mpaka sauti inakwaruza. Mimi hushusha. Ukitaka besi, teremsha za kati na za juu kidogo, kisha ongeza sauti nzima. Kwenye hezi 60 ndiko ngoma inakogonga. 250 ikizidi huleta ukungu, hasa kwenye taarabu yenye vinanda vingi. 2000 hadi 4000 huleta mwimbaji karibu. 8000 ni matoazi na zile “s”. Sogeza desibeli mbili tatu tu, kwa wimbo mmoja unaoujua vizuri.

Mwenye simu ya kitochi mara nyingi hana ekwalaiza, basi vimpira na plasta ndiyo mitambo yake. Akisikiliza redio asiuviringe waya wa hedifoni, ndio antena.

Mngurumo wa treni humeza besi, ndiyo maana watu hukimbilia kuongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki. Treni ikisimama stesheni na injini ikatulia, sikiliza wimbo uleule tena: hapo utasikia besi uliyoizidisha njiani, uishushe kabla treni haijaondoka.