Dondoo muhimu: Mshikio wa upinde usioumiza kiganja

Waogiek wa Msitu wa Mau wameishi na upinde wa mti vizazi kwa vizazi. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, lakini ufundi wa upinde unastahili kuendelezwa, hata kwa kulenga shabaha tu.

Kwanza vua ugwe. Paka kiganja chaki, kisha ushike upinde kama anayelenga. Chaki itabaki palipoinuka. Hapo ndipo pa kupunguza.

Kata ubavuni na upande wa tumbo, yaani ule unaokutazama unapovuta. Mgongo, upande unaoelekea shabaha, usiuguse kabisa. Huo ndio unaonyooshwa kwa nguvu, na nyuzi za mti zikikatwa hapo upinde unaweza kuvunjika ukiwa umeuvuta, karibu kabisa na uso wako. Nasisitiza hili kuliko jingine lolote.

Kabla ya kukata, chunguza kama upinde unapinda hadi mshikioni. Pinde nyingi za fito za mviringo hufanya hivyo, na kwa hizo usipunguze mti hata kidogo: zungushia ngozi laini ya mbuzi uishone. Ngozi hunyonya jasho pia.

Kama mshikio ni mnene na haupindi, anza na tupa, malizia na msasa, ukijaribu mkono kila baada ya mikwaruzo michache. Mshikio ukutane na mikono ya upinde kwa mteremko wa taratibu, pasiwe na kona. Mwisho sugua nta ya nyuki, unyevu usiingie.