Kabla Hujamwambia "Njoo Kesho Uanze"

Kahawa ikianza kuiva huku Kihanga, Kagera, kuanzia Mei hivi, kila mwenye shamba anageuka meneja. Anatafuta wachumaji, mtu wa kuanika, mtu wa kulala na kahawa uani, na kama ana duka pale senta anahitaji pia wa kumshikia kaunta. Uajiri wenyewe unamalizika kwa dakika mbili, mmesimama barabarani. Ugomvi wake unachukua msimu mzima. Basi, kabla hujampa mtu kazi:

1. Ukishajua ni wa kwa nani, uliza anajua nini. Ukoo unakusaidia kumpata akipotea, lakini haukuambii kama anaweza kupogolea. Mpe mibuni mitatu, kaa pembeni, kisha tazama matawi aliyoyaacha badala ya yale aliyoyakata. Wa dukani mpe daftari la mauzo ya jana ajumlishe. Na majaribio hayo yalipe. Kumfanyisha mtu kazi kutwa nzima bure halafu ukamwambia "tutakupigia" ni kumnyonya tu.

2. Jua unanunua nini kwa hela yako. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Ukilipa kwa debe bila neno jingine, umenunua ujazo, na mchumaji mwenye akili atakupa ujazo: atakamua tawi zima, nyekundu na kijani pamoja, ahamie mbuni unaofuata. Tawi la robusta haliivi kwa siku moja, kwa hiyo kuchuma vizuri ni kuurudia mbuni uleule mara kadhaa. Mwambie mapema kwamba debe ni la zilizoiva, na kwamba litamwagwa kwenye turubai kabla ya kuhesabiwa. Kubalianeni pia debe ni lile lililojaa hadi ukingoni au lenye mlima juu. Kamlima hako kamevunja urafiki mwingi. Mwanzoni na mwishoni mwa msimu, mbivu zikiwa chache, lipa kwa siku. Mtu azunguke shamba lote apate nusu debe, halafu umlipe nusu debe? Kesho humwoni, na hana kosa.

3. Kagua panga. Ukiajiri mtu wa kukatia migomba, umeajiri na panga lake, na hujui jana lilikuwa kibanja gani. Mnyauko wa migomba, ulioingia Kagera miaka ya 2000, unahama pamoja na vifaa: mgomba mmoja mgonjwa, panga halijasafishwa, na kibanja cha jirani kimekwisha. Nunua panga lako likae kwako, au la kwake lipite kwenye moto au lioshwe kwa maji ya Jik kabla halijagusa mgomba wako. Akiona ni dharau, mwambie ndiyo utaratibu, na ufanye hivyohivyo kwa shemeji yako.

4. Angalia kitambulisho, achana na lafudhi. Tuko jirani na Rwanda, Uganda haiko mbali, na Kinyambo na Kinyankole vinasikilizana vizuri tu. Masikio yako si ofisi ya Uhamiaji: utamfukuza Mtanzania na kumwajiri asiye na kibali, siku hiyohiyo. Omba namba ya NIDA, au barua ya mtendaji wa kijiji anakotoka. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mgeni awe na kibali cha kazi, na asipokuwa nacho, aliyemwajiri naye ana la kujibu.

5. Andika, hata kwenye daftari la shule. Jina, umri, anakotoka, kazi, siku ya kuanza, saa za kazi, malipo na yanavyokokotolewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inadai maandishi kwa yeyote anayekufanyia kazi siku sita au zaidi kwa mwezi. Asiyeyaelewa afafanuliwe kwa namna atakayoelewa. Wengi hawajui kipengele hiki: mkifika kwenye shauri na huna maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana unakuangukia wewe mwajiri. Daftari ni rahisi kuliko nauli za Bukoba kuitikia wito wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

6. Usiajiri kwa kahawa ambayo haijauzwa. Mnada una siku zake, na malipo kupitia chama cha msingi yana siku zake. Tumbo la kibarua halizijui. Tenga pesa ya wachumaji kwanza. Asiye nayo apunguze watu, maana anayebanwa katikati ya msimu ndiye anayekimbilia butura, akauza kahawa ikingali ua, kwa bei ya huruma. Lipa siku mliyokubaliana, kazini, saa za kazi. Mambo ya "pitia nyumbani jioni" yaache. Na rubisi si mshahara.

7. Aliye chini ya miaka 14 hapewi ajira. Wa 14 hadi 17 ni kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumtoa darasani. Gunia la kahawa si jepesi.

8. Zungumzeni upungufu wa dukani kabla haujatokea. Hesabu bidhaa mbele yake siku anaanza, wote mtie saini. Huwezi kukata tu kwa sababu umekasirika: lazima asikilizwe, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake.

9. Mchumaji mzuri mkamate Septemba. Mlipe hadi shilingi ya mwisho, chukua namba yake, na muulize kama atarudi. Akijibu "tutaona", tafuta muda umsikilize, kwa sababu kufikia Mei wenzake wote watakuwa wameshajua ni kwa nini.