Mimba Changa ya Ng'ombe na Jinsi Inavyotunzwa Tumboni

Mfugaji wa Miyuji aonapo ng'ombe wake amepandwa na fahali, hudhani kazi imekwisha. Sivyo. Majuma ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa, na mimba ipoteayo wakati huo haionekani kwa macho. Kwa hiyo yafaa ajue mambo yanayotendeka tumboni.

1. Safari ya yai. Mbegu ya fahali hukutana na yai ndani ya mrija mwembamba ulio kati ya kifuko cha mayai na mji wa mimba. Yai hilo huteremka huku likigawanyika, na siku ya 4 au ya 5 huingia katika mji wa mimba.

2. Chakula chake. Lifikapo humo halijishikizi mara moja, bali huelea. Kwa muda wa majuma mawili hivi hulishwa na majimaji yatokayo katika tezi za ukuta wa mji wa mimba. Tezi hizo huamshwa na homoni iitwayo projesteroni, itokayo katika uvimbe wa manjano uliobaki mahali yai lilipochomoka.

3. Ishara kwa mama. Kati ya siku ya 15 na ya 17 mimba hutoa ishara ya kuwa ipo. Ishara isipofika, uvimbe ule hunyauka, na ng'ombe hutaka dume tena yapata siku ya 21. Ikifika, mimba hudumu. Karibu na siku ya 20 huanza kujishikiza ukutani, na baadaye hushikamana kwa vifundo 70 hadi 120, vipitishavyo chakula mpaka siku ya kuzaa, miezi tisa na zaidi kidogo.

4. Mambo ya kutenda.

(a) Andika siku ya kupandwa. Tangu siku ya 18 hata ya 24 mtazame ng'ombe asubuhi na jioni.

(b) Mwezi wa kwanza usimswage mbali wakati wa jua kali. Joto jingi mwilini huua mimba changa. Mpe kivuli na maji ya kutosha.

(c) Kiangazi cha Dodoma hudumu tangu Mei hata Novemba. Weka akiba ya majani makavu na mabua ya mtama, kwa maana ng'ombe aliyekonda hushika mimba kwa shida.

(d) Akirudi kutaka dume mara moja, usimwite tasa wala usimwuze. Akirudi mara tatu, mwite Bwana Mifugo amchunguze yeye na fahali pia.

Atunzaye mwezi wa kwanza hutunza ndama na maziwa ya mwaka ujao.