SAUTI KUTOKA LUPASO HADI MAJUMBANI

Tarehe 29 Julai, 2020, Rais Mstaafu wa Awamu ya Tatu, Mheshimiwa Benjamin William Mkapa, alizikwa kijijini Lupaso, Wilaya ya Masasi, na wananchi wakafuatilia mazishi hayo moja kwa moja. Inafaa kueleza namna matangazo ya nje yanavyosafirishwa.

Kwanza, sauti inayonaswa na kipaza sauti husawazishwa na fundi mitambo. Pili, panapotumika setilaiti, sauti hurushwa kwa dishi hadi kiasi cha kilomita 36,000 juu ya Ikweta, kisha hushuka studio. Safari hiyo huchukua takriban robo ya sekunde. Tatu, studio huipeleka kwenye mitambo ya kurushia. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na vilima huyazuia. Ndiyo sababu minara husimikwa mahali palipoinuka.

Kiungo kimoja kikikatika, msikilizaji hukosa yote. Kwa kuwa mazishi hayarudiwi, mafundi hulazimika kuandaa mapema njia ya akiba na jenereta. Kiungo cha mwisho ni cha msikilizaji mwenyewe: sauti ikififia, wananchi wanashauriwa kuinua antena na kusogeza redio dirishani kabla ya kudhani imeharibika.