Barafu na Chumvi kwa Mguu wa Farasi

Farasi wa polo hukimbizwa kasi, akasimamishwa ghafla, akageuzwa papo hapo. Mzigo wote huo huziangukia kano za miguu ya mbele, zile ndefu zinazoshuka nyuma ya mfupa kutoka gotini hadi kifundoni. Ndiyo maana sisi masaisi wa huku Gilgil, mchezo ukiisha, kazi ya kwanza ni kupapasa miguu. Mimi hutumia mgongo wa kiganja. Nikikuta mguu mmoja una joto kuliko mwenzake, au kano iliyokuwa imenyooka imefura katikati, sisubiri farasi achechemee. Nampigia daktari wa mifugo, kisha naandaa maji.

Chombo kiwe kirefu, cha mpira mzito, maana chuma cha kwato hutoboa plastiki nyepesi. Kama kina mkono, ung'oe usije ukanasa mguu. Changu hujaa lita 40, na maji hupita juu ya uvimbe. Chumvi ni hii hii ya jikoni, gramu 35 kwa lita, karibu sawa na maji ya bahari. Kwangu ni kilo 1.4. Barafu huingia mwisho, hadi kipimajoto kisome kati ya nyuzi 5 na 10.

Usimtumbukize ghafla. Mwagie kwanza maji ya bomba kuanzia kwatoni kwenda juu, mpaka atulie. Usimfunge, mshike kamba, simama begani pake, ongea naye. Akishusha kichwa na kulegeza mdomo, ujue amekubali. Dakika 15 hadi 20 zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku, hasa siku mbili za mwanzo. Asinywe maji hayo. Ukimaliza, suuza kwa maji matamu na ukaushe vizuri kile kibonde cha nyuma ya kifundo. Kikibaki na chumvi na unyevu, ngozi hupasuka.

Rafiki zangu wa Pwani huuliza kwa nini wasimpeleke tu baharini. Kutembea majini ni kuzuri, ila Bahari ya Hindi huku kwetu ni vuguvugu, mara nyingi zaidi ya nyuzi 25. Farasi Red Rum, aliyeshinda mbio za Grand National mwaka 1973, 1974 na 1977 licha ya ugonjwa wa mfupa wa kwato, alifanya mazoezi ufuoni Southport, Uingereza, na bahari ya kule ni ya baridi kweli. Chumvi husaidia kupunguza uvimbe, lakini kwa maoni yangu kazi kubwa hufanywa na baridi: hubana mishipa midogo ya damu na kutia maumivu ganzi.

Ganzi hiyo ndiyo ninayoiogopa. Farasi atatembea vizuri baada ya siku chache, na mwenye farasi ataanza kuulizia mechi ijayo. Kano iliyochanika huchukua miezi 9 hadi 12 kupona, pengine zaidi, na ni picha ya ultrasaundi tu inayoonyesha imefika wapi. Nawaomba wenye farasi, msimpande kabla daktari hajaiona picha hiyo. Na kama kuna jeraha wazi karibu na kiungo, achaneni kabisa na ndoo. Huyo ni wa daktari siku hiyo hiyo.