Nani alipie seva yetu?

SWALI: Sisi vijana wa Unyambwa, Singida, tunaendesha seva ya majadiliano na taarifa za soko la alizeti. Ufadhili unakwisha. Tutafute mfadhili mwingine au tuweke matangazo?

JIBU: Anzeni na wanachama wenyewe. Mfadhili hulipa kwa muda wa mradi, lakini ada ya seva hudaiwa kila mwezi. Na matangazo hulipa pale tu palipo na watembeleaji wengi, jambo ambalo mtandao wa kata moja hauna. Wikipedia, isiyobeba matangazo, huendeshwa zaidi kwa michango midogo ya watu wengi. Chukueni mfano: ikiwa seva na kikoa vinagharimu Sh360,000 kwa mwaka, wanachama 60 wakitoa Sh6,000 kila mmoja wanamaliza deni.

Mtu atasema mkulima hana fedha kila mwezi. Ni kweli, ndiyo maana ada ikusanywe mara moja, baada ya mavuno, kwa simu. Mwingine atasema wengi hawatalipa. Wasifungiwe mlango, wekeni mahesabu wazi, kwani anayeona fedha yake ilikokwenda hutoa tena.

Lakini msikusanye fedha ya matumizi tu. Mwaka 2018 kanuni za maudhui mtandaoni zilileta ada ya leseni ya Sh1,000,000 kwa mwaka, na jukwaa la majadiliano la JamiiForums likalazimika kusimama kwa muda mwezi Juni. Gharama isiyotarajiwa huua mtandao usio na akiba. Tengeni akiba ya miezi sita, kisha ufadhili ukija uwe wa kununua vifaa, usiwe wa kuwaweka hai.