Utepe mwekundu na mama mkwe

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Ruanda, Mbozi. Tarehe 1 Desemba nilikuwa Tunduma kwenye Siku ya UKIMWI Duniani, nikapewa utepe mwekundu, nikaubana kifuani. Niliporudi sikuutoa. Mama wa mchumba wangu aliuona akanyamaza, kesho yake akamwambia mwanawe kwamba nimejitangaza mgonjwa. Mahari imeshapokewa, sendofu ni Februari. Mchumba anasema niutoe tu, yaishe. Lakini kaka yangu alikuwa utingo wa malori, na tulimzika tukakuta dawa zake amezificha darini. Kuutoa kunaniuma. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kaka. Barua yako nimeirudia mara mbili, na kila mara nimekwama pale darini.

Mama hajakutukana, ameusoma utepe kama alivyozoea kuzisoma tepe zote. Sajenti akipita, cheo chake unakihesabu kwenye tepe za mkono. Gari likifungwa tepe, ndani mna maharusi. Zahanati ikifungwa utepe mlangoni, mgeni rasmi yuko njiani na mkasi. Utepe kwake hutaja habari za aliyeuvaa, basi na wako ameona umetaja damu yako.

Huu haukuzaliwa kwa kazi hiyo. Ulibuniwa New York mwaka 1991 na wasanii waliochoka kuzika wenzao. Wakati ule Wamarekani walifunga tepe za njano kwa ajili ya askari wao waliokuwa vitani Ghuba, na wagonjwa wa UKIMWI hawakuwa na wa kuwafungia chochote. Wasanii wale wakachukua nyekundu, rangi ya damu: kipande cha inchi 6, kinakunjwa, kinabanwa kwa pini. Hawakutaka uwe mali ya mtu, ili yeyote aweze kujikatia nyumbani kwake. Anayeuvaa anasema yuko pamoja na wanaoumwa na waliokufa. Oktoba wanaume huvaa utepe wa waridi wa saratani ya matiti, wala hakuna anayewauliza wanaumwa wapi.

Hata hivyo, hofu ya mama usiidharau. Mtu wa umri wake ameishi miaka ile tangu wagonjwa wa kwanza watambuliwe Kagera, 1983, hadi dawa za bure zilipoanza kutolewa nchini mwaka 2004. Kwenye barabara hii ya malori ya Zambia, miaka hiyo iliacha makaburi mengi. Rangi hiyo inamrudisha huko.

Usimjibu wewe, wala usimtume mwanawe. Mwombe mshenga, au shangazi yako wa damu, aende akae naye jikoni amweleze utepe ni nini. Habari za kaka zisitajwe kabla wazazi wako hawajaridhia, maana yeye mwenyewe alizificha. Akidai majibu ya kipimo chako, mshenga amwambie kwa adabu kwamba hayo ni siri yako, na sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inailinda.

Kupima, nendeni wewe na mchumba, kabla ya Februari, kwa ajili yenu wawili. Na mkiwa njiani muulize jambo ambalo mimi limenikaa rohoni kuliko maneno ya mama yake: majibu yakitoka kwamba mmoja wenu anaanza dawa, atazimeza mezani au atazipeleka darini? Leo anayezimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kitandani. Kinachobaki kuogopwa ni hiyo "yaishe" yake. Msikilize mpaka amalize, usimkatize.

Utepe usiutoe kwa kuamrishwa. Ukitaka kuutunza, uweke kwenye kopo lako la vifungo hadi Desemba ijayo. Na sendofu ikipita, kwenye mabaki ya tepe za mapambo mkatie na mama mkwe inchi 6.